Kurekebisha Msumeno wa Mkanda ili Upasue Mbao kwa Unyofu

Huko Kibara, ukingoni mwa Ghuba ya Speke, ubao uliopasuliwa kombo si aibu ya fundi peke yake. Mbao mbili za mtumbwi zisipokutana sawasawa huacha mwanya, na pamba inayoshindiliwa humo kuzuia maji haiwezi kufidia mkato mbaya. Mwenye kulipa ni mvuvi aliyeko ziwani. Kwa hiyo yafaa kila chama chenye karakana ya useremala kielewe jinsi msumeno wa mkanda unavyorekebishwa.

Msumeno huo ni utepe wa chuma wenye meno, unaozungushwa na magurudumu mawili. Juu ya meza yake umefungwa upau ambao ubao huegemezwa unaposukumwa. Mafundi wengi huuweka upau sambamba na ukingo wa meza, kisha hushangaa kuona mkato ukienda upande. Sababu ni kwamba utepe hufuata meno yake. Meno ya upande mmoja yakiwa butu, pengine baada ya kugonga msumari, utepe huvutwa upande wenye meno makali. Kuusukuma ubao kwa nguvu hakuondoi kasoro hiyo, bali huupinda utepe na huweza kuukata.

Kabla ya kuugusa upau, umeme ukatwe. Utepe butu unolewe au ubadilishwe, na mvutano wake uwe wa kutosha. Vishikizo vya pembeni viukaribie utepe kwa nafasi ya unene wa karatasi, bila kugusa meno. Meza ipimwe kwa skwea ili iwe wima na utepe.

Kisha fundi afuate hatua hizi:

(a) Achukue ubao wenye ukingo ulionyooka, achore mstari sambamba na ukingo huo.

(b) Aukate kwa mkono, bila upau, akiufuata mstari hadi katikati ya ubao.

(c) Azime mashine pasipo kuusogeza ubao, na utepe ukiisha kusimama kabisa, achore juu ya meza alama inayofuata ukingo wa ubao. Alama hiyo ndiyo njia ya kweli ya utepe.

(d) Alegeze nati za upau, aulaze sambamba na alama, akaze tena.

(e) Apasue kipande cha majaribio na kupima unene wake ncha zote mbili. Vipimo vikitofautiana, arudie.

Alama ikienda kombo mno, dawa si kuupindisha upau zaidi. Utepe huo umechakaa. Aidha, kila utepe mpya una njia yake, hivyo kipimo kirudiwe kila unapobadilishwa.

Hasara ya kupuuza jambo hili yahesabika. Ubao uliokusudiwa kuwa wa milimita 25, ukitoka na milimita 20 katika ncha moja, randa italazimika kuushusha wote hadi 20. Sehemu moja ya tano ya unene imepotea, nayo ilinunuliwa kwa fedha za wanachama.

Inashauriwa makatibu waweke daftari la mashine, lenye tarehe ya kubadili utepe, tarehe ya kupima na jina la fundi aliyehusika. Halmashauri ikilikagua daftari hilo pamoja na hesabu za mbao, itajua mapema penye upotevu, kabla haujafika kwenye mizania ya mwaka.