Rozela Hutia Rangi, Haitii Damu

Mwezi huu tuanzie uani. Kati ya maua tunayopanda kando ya nyumba zetu hapa Kigoma na Ujiji, lipo moja linaloweza kumpita mtu mzima kwa urefu. Ni rozela, ambayo wengine huiita choya. Ni ndugu wa bamia na pamba. Mbegu zikipandwa mvua zinapoanza, mmea hufika mita 2. Ua lake ni la manjano hafifu lenye moyo mwekundu uliokoza, nalo huchanua siku moja tu. Tunachochemsha si ua lenyewe, bali vile vikombe vyekundu vinavyobaki ua likinyauka.

Kinywaji chake kitamu, nasi tunakipenda. Lakini wengi husema kwamba, kwa kuwa ni chekundu, kinaongeza damu. La hasha! Wekundu ule ni rangi ya mmea tu. Mtoto aliyepauka akinyweshwa rozela wiki nzima, huku ana malaria, ugonjwa huendelea kumaliza damu yake na siku zinapotea.

Basi tutazame viganja vya mtoto, ulimi wake na upande wa ndani wa kope za chini. Vikiwa vimepauka, au mtoto akihema haraka na kuchoka upesi, tumpeleke zahanati siku hiyo hiyo apimwe malaria na wingi wa damu. Naye mama mjamzito asiache vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki.

Chakula cha kujenga damu tunacho: dagaa na migebuka wa ziwa letu, maini, maharage na mboga za majani. Tule pamoja na chungwa, pera au limau, kwani vitamini C husaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga. Chai tusinywe pamoja na mlo, maana hupunguza madini hayo.

Wenye shinikizo la damu nao wasikie: uchunguzi umeonyesha kuwa rozela huweza kulishusha kidogo. Hata hivyo, haichukui nafasi ya dawa. Anayetumia dawa amweleze daktari kama anainywa kila siku. Na sukari tuipunguze.

Rozela tuendelee kuipanda, ipambe nyumba na kuburudisha wageni. Habari za damu tukaulize zahanati.