Chama Kidogo cha New York na Nguvu Yake

Wasikilizaji, leo nitawaeleza habari za chama cha siasa ambacho hakikupata kutawala nchi, wala nje ya jimbo lake hakikujulikana sana, lakini wakubwa walikuja kukibembeleza. Jina lake ni Liberal Party, na jimbo lake ni New York.

Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina gavana wake na sheria zake za kupiga kura. Vyama vikubwa ni viwili, Democratic na Republican. Mahali pengi chama cha tatu hupata kura chache, kisha husahauliwa. Lakini sheria ya New York huruhusu vyama viwili au zaidi kumsimamisha mtu yule yule. Jina lake huandikwa katika karatasi ya kura zaidi ya mara moja, kila mara pamoja na jina la chama, na mpiga kura huchagua mahali pa kutia alama yake. Kura za kila chama huhesabiwa mbali, kisha zote hujumlishwa kuwa za mtu huyo.

Labda mtaniuliza, "Ikiwa mtu ni mmoja, faida yake nini?" Faida ni kwamba hesabu huonekana wazi. Chama kidogo chaweza kumwendea mshindi na kumwambia, "Hizi ndizo tulizokuletea."

Njia hii waliitumia wafanya kazi wa mji wa New York mwaka 1936. Walimpenda Rais Roosevelt, lakini hawakuwapenda wakubwa wa Democratic wa mjini kwao, waliosifika kwa rushwa. Basi wakaunda American Labor Party, wapate kumchagua Roosevelt pasipo kuwapa wale wakubwa kura. Mwaka 1944 wakagawanyika, kwa kuwa baadhi yao waliona Wakomunisti wanakishika chama. David Dubinsky, kiongozi wa washona nguo za wanawake, na Alex Rose, kiongozi wa mafundi wa kofia, wakatoka na wenzao wakaanzisha Liberal Party.

Tazameni sasa mwaka 1960, Kennedy aliposhindana na Nixon kutafuta urais. Katika New York Nixon alipata kura 3,446,419. Kennedy kwa Democratic alipata 3,423,909, yaani alipungukiwa na kura 22,510. Lakini Liberal Party ilimletea 406,176 zaidi, akalipata jimbo. Sisemi kwamba bila chama hiki angeshindwa pale, maana wengi wa watu wale wangalimpigia vivyo hivyo. Walakini mwenye kuona mizani ya dukani ajua kwamba kijiwe kidogo hutosha kuinamisha upande mmoja.

Ajabu zaidi ilitokea mwaka 1969. John Lindsay, meya wa mji wa New York, alikataliwa na wanachama wenzake wa Republican. Akasimama kwa Liberal Party, akawashinda wagombea wa vyama vyote viwili vikubwa, akarudi katika kiti chake.

Nguvu namna hii ina hatari yake. Watu wengi walilalamika kwamba katika miaka ya baadaye viongozi wa chama walijali zaidi kazi za serikali walizopewa rafiki na jamaa zao kuliko shida za wafanya kazi, nami naona malalamiko hayo yalikuwa na haki. Wafuasi wakapungua.

Kwa sheria ya wakati ule, chama kilichotaka kubaki katika karatasi ya kura kilipaswa kupata kura 50,000 katika uchaguzi wa gavana, kila miaka minne. Mwaka 2002 Liberal Party ilimsimamisha Andrew Cuomo, naye akajitoa kabla ya uchaguzi. Kura zake hazikufika hata 20,000. Chama kikapoteza nafasi yake, na ofisi yake ikafungwa. Lakini vyama kadhaa vya wafanya kazi vilikuwa vimekwisha kuunda kingine mwaka 1998, Working Families Party, nacho katika uchaguzi wake wa kwanza wa gavana kiliipita 50,000 kwa kura chache tu.