Kuikinga Pilipili Hoho na Sakitu

Asili ya pilipili hoho ni nchi za joto za Amerika ya Kati na ya Kusini, nayo haistahimili baridi kali. Mkulima wa Molo, Ol Kalou au Kinangop huweza kulala shamba lake likiwa limejaa matunda, akaamka na kuyakuta majani yamekuwa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Kilichopita usiku ni sakitu, yaani umande ulioganda. Mwezi wa Januari 2012 sakitu iliunguza hata mashamba ya chai ya Kericho na Nandi.

Wengi hushangaa kuiona sakitu katika miezi ya jua kali, Desemba mpaka Februari. Sababu yake ni hii. Mchana ardhi hupata joto la jua, na usiku joto hilo hupanda juu. Mawingu yakiwapo hulizuia kama blanketi. Lakini mbingu zikiwa wazi na upepo umetulia, joto hupotea upesi. Tena hewa ya baridi ni nzito, nayo huteremka mabondeni kama maji. Ndiyo maana shamba la bondeni huungua, na lile la mteremkoni likapona.

Jambo la kwanza, basi, ni kuchagua mahali pa mteremko. Jambo la pili ni kuhesabu siku. Miche hukaa kitaluni majuma 6 mpaka 8, na ikiisha kupandikizwa huchukua karibu miezi 3 kabla ya kuchumwa. Penye baridi huchelewa zaidi. Anayetaka kuchuma kabla ya Desemba yafaa asie mbegu mwezi wa Mei.

Jambo la tatu ni kinga ya usiku wenyewe. Mchana udongo umwagiliwe maji, kwa kuwa udongo wenye maji hushika joto kuliko mkavu. Nyasi zilizotandazwa chini ya mimea zisogezwe kando, ili joto la ardhi liifikie. Kabla jua halijatua, matuta yafunikwe kwa magunia yaliyowekwa juu ya fito, yasiguse majani, na kingo zake zifike chini. Asubuhi jua likipanda, magunia yaondolewe. Wengine huwasha takataka ili kupata moshi, lakini moshi hauzuii joto kupotea.

Matunda yaliyokwisha kukua yachumwe mapema, hata yakiwa ya kijani, maana yanalika na kuuzika. Yaliyoanza kubadili rangi yataiva ndani ya nyumba. Na mmea ulioungua using'olewe kwa haraka: shina likiwa bado bichi karibu na ardhi, huenda likachipuka tena.

Karo ya watoto yaweza kuwa imo katika shamba hilo. Kazi ya kufunika ni ya jioni moja, bali hasara ya kutofunika ni ya miezi mingi. Tahadhari kabla ya hatari.