Gari likigonga ukingo wa barabara, likague kabla ya kupakia

MFANYABIASHARA anayesafirisha nyanya kutoka Ilula, mkoani Iringa, kwenda Dar es Salaam hujua bei ya tenga kila asubuhi. Ni wachache wanaojua hali ya gari linalobeba matenga hayo, hasa pale tairi la mbele linapogonga ukingo wa zege wakati wa kuegesha.

Kwa nje huonekana mkwaruzo tu kwenye rimu. Dereva hushuka, hulipiga tairi teke na kuendelea na safari. Mbele yake kuna mteremko wa Kitonga, na gari limejaa mzigo.

Cha kwanza kukagua ni tairi. Pigo hulibana kati ya zege na rimu, nyuzi za ubavuni hukatika na uvimbe hutokea. Tairi la namna hiyo halizibwi. Hubadilishwa, kwani linaweza kupasuka ghafla. Upande wa ndani nao ukaguliwe. Rimu ipakwe maji ya sabuni. Povu likitoka, upepo unavuja.

Pili ni usukani. Gari likivuta upande mmoja kwenye barabara tambarare, au usukani ukikaa upande wakati gari linakwenda moja kwa moja, huenda alaimenti imeharibika. Hata hivyo, kupima alaimenti hakunyooshi chuma kilichopinda. Fundi aanze na tairodi, boljointi na shokapu, ndipo apime.

Mwenye gari anaweza pia kufanya jaribio rahisi. Azuie magurudumu ya nyuma kwa mawe, apige jeki sehemu tambarare bila kuingia chini ya gari, kisha alitikise gurudumu. Likicheza juu na chini, beringi au boljointi ina kasoro. Likicheza kushoto na kulia, tairodi ishukiwe. Mvumo unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka ni dalili ya beringi kuharibika. Baada ya gari kulala, atazame kama kuna oili iliyodondoka chini.

Kwa mazao yanayooza haraka, gharama kubwa si spea. Alaimenti mbovu hula tairi upande mmoja likiwa bado jipya, lakini gari likikwama njiani nyanya huiva kupita kiasi, na anayefika sokoni wenzake wameshauza hupokea bei ya mabaki. Hasara ya safari moja inaweza kumaliza mtaji wa msimu.

Wenye bima ndogo wakumbuke kwamba hailipii uharibifu wa gari lao wenyewe. Mwenye bima kubwa apige picha na kutoa taarifa mapema kabla ya matengenezo.

Nusu saa gereji ni nafuu kuliko usiku mzima barabarani na mzigo unaooza. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.