Watoto wa Marekani na Alama za Nchi Yao

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Katika Marekani mtoto huanza kuonyeshwa alama za nchi yake hata kabla hajajua kusoma vizuri. Lakini mwalimu hodari haishii kwenye majina na picha. Humweleza mtoto asili ya kila alama, kwani alama isiyoelezwa ni pambo tu.

Kwanza ni bendera. Milia yake 13 ni ukumbusho wa makoloni 13 yaliyojitoa katika utawala wa Uingereza mwaka 1776. Nyota zake 50 ni hesabu ya majimbo, na nyota ya mwisho iliongezwa mwaka 1960, baada ya Hawaii kuwa jimbo.

Pili ni Kengele ya Uhuru iliyoko Philadelphia. Ilitoka London mwaka 1752, ikapasuka ilipojaribiwa, ikayeyushwa na kusubiwa upya. Baada ya miaka mingi ikapasuka tena, na ufa huo waonekana hata leo. Jina lake lilienezwa katika miaka ya 1830 na watu waliopinga utumwa, walioona haifai nchi kujivunia uhuru hali watu weusi wangali watumwa.

Tatu ni Sanamu ya Uhuru katika bandari ya New York, zawadi ya Wafaransa, iliyozinduliwa tarehe 28 Oktoba 1886. Kimo chake, tangu miguuni hadi ncha ya mwenge, ni kama mita 46, na miguuni pake pana mnyororo uliokatika. Fedha za kujengea msingi wake zilipopungua mwaka 1885, gazeti la Joseph Pulitzer liliwaomba watu wachange. Watoto wa shule nao walitoa senti zao.

Hata hivyo liko jambo moja lililoleta ubishi mkubwa: je, yafaa mtoto alazimishwe kuiheshimu alama? Watoto wa Mashahidi wa Yehova walikataa kuipigia bendera saluti, maana kwa imani yao tendo hilo ni kama kuabudu sanamu. Walifukuzwa shuleni, na mwaka 1940 mahakama iliyo kubwa kupita zote nchini ilikubali shule kufanya hivyo. Lakini tarehe 14 Juni 1943, vita vikiwa bado vikali, mahakama hiyo hiyo iligeuza hukumu yake, ikasema kuwa serikali haina ruhusa ya kumlazimisha mtoto kukiri jambo asiloliamini.

Tangu hapo shule ya serikali haiwezi kumwadhibu mtoto anayekataa kupiga saluti. Mwalimu atakaye watoto waipende bendera hana budi kuwavuta kwa maelezo ya kweli, pamoja na habari za ufa wa kengele na za mnyororo uliokatika. Heshima ipatikanayo kwa njia hiyo hudumu kuliko ile ya kuamriwa.