Otomatiki milima ya Tarime: utamu wa D, uchungu wa breki!

Mshikaji, kigari chako kutoka Japani kimekufikisha Tarime kula Krismasi. Redio inadunda, mguu wa kushoto umelala usingizi njia nzima. Raha tupu! Sasa unataka kumpeleka mwandani wako Mugumu, mkaingie Serengeti kwa lango la Ikoma. Poa. Ila njia ya Nyamwaga na Nyamongo haina huruma na mtu asiyeijua gia boksi yake.

Tarime ni mlimani, Mto Mara uko chini, na ndio unaotenganisha wilaya hizi mbili. Kwa hiyo kuna kuteremka. Wazee wa klachi hawana wasiwasi: wanapiga gia namba 2, injini yenyewe inaikaba gari, breki wanagusa tu. Mjanja wa otomatiki anaacha D mwanzo mwisho, kiatu juu ya breki. Breki zinapata moto, zinanuka, halafu pedali inazama bila kushika kitu. Hapo ndipo mtu anamkumbuka Mungu!

Na kumbe dawa alikuwa nayo mkononi. Tazama hapo kwenye gia, karibu na D: kuna 2, L, S au B, kutegemea gari. Weka huko kabla mteremko haujaanza, siyo katikati. Na usithubutu kuweka N eti unabana mafuta. Injini za kisasa zinakata mafuta zenyewe ukiachia eksileta huku gia imeingia.

Kuna aina ya tatu, na hii wengi wanayo bila kujua: gia boksi ya klachi mbili. Klachi moja inashika gia 1, 3, 5 na 7, nyingine 2, 4 na 6. Ukiwa kwenye 2, 3 imeshaandaliwa, kwa hiyo kubadili ni kufumba na kufumbua. Volkswagen waliingiza kitu hicho mtaani mwaka 2003 kwenye Golf R32. Honda Fit Hybrid ya 2013 na Vezel Hybrid nazo zinayo, na mwaka 2014 Honda waliziita tena kurekebisha programu ya gia boksi.

Adui yake ni mlima wa mwendo wa konokono. Uko nyuma ya lori la mchanga, unaishikilia gari kwa eksileta isirudi nyuma. Klachi inasuguana, inapata joto, na bei yake siyo ya kusimulia mbele ya mchumba. Kanyaga breki, subiri lori lipate nafasi, kisha ondoka moja kwa moja.

Oili nayo, kaka! Otomatiki ya kawaida ina yake, ya mkanda ina yake, ya klachi mbili ina yake. Fundi akisema zote ni sawa, chukua funguo zako uondoke.

Mwisho, ikizima huko porini, otomatiki haiwaki kwa kusukumwa kama ile ya klachi. Wala usiivute kwa kamba mwendo mrefu: pampu ya oili ya gia boksi nyingi inazunguka injini ikiwaka tu, kwa hiyo inajisaga kavu. Magurudumu yanayoendeshwa na injini yainuliwe juu. Namba ya mwenye gari la kuvutia itafute ukiwa bado Tarime mjini.