Paka Nyumbani Mwetu: Mchanga Wake na Watoto Wake

Mwezi huu napenda tuzungumze juu ya jambo dogo, nalo ni paka. Labda wengine watacheka, wakisema, Katekista amekosa la kufundisha. Lakini mwenye ghala ya mahindi hamdharau paka, kwa maana paka akiondoka, panya hutawala.

Nami nina sababu ya kuandika. Zamani paka wetu aliumwa na nyoka akafa, akaacha watoto watatu ambao macho yao yalikuwa yamefumbuka juzi tu. Kwa huruma tuliwamiminia maziwa ya ng'ombe vinywani, tukawalaza jikoni, nasi tukaenda kulala. Usiku moto ukazimika. Siku ya pili matumbo yaliwavimba, wakahara, na wawili wakafa. Binti yangu mdogo akaniuliza, "Baba, si tuliwapa chakula? Mbona wamekufa?" Sikuwa na jibu. Yule wa tatu tulimpeleka kwa mwalimu mwenzangu, ambaye paka wake alikuwa akinyonyesha. Paka yule akamlamba, akamkubali. Tangu siku ile nilitafuta kujua, na haya ndiyo niliyojifunza.

Paka huchukua mimba yapata siku 63 hata 65. Mtoto wake huzaliwa na uzito wa gramu 100 hivi, haoni wala hasikii. Macho hufumbuka kati ya siku ya 7 na ya 14. Katika majuma ya kwanza hawezi kutunza joto la mwili wake, na akipoa, tumbo lake haliwezi kusaga chakula. Basi ukimkuta yatima, mpashe moto kwanza, ndipo umlishe. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa katika kitambaa kizito yafaa sana.

Maziwa ya ng'ombe humharisha, na kuhara humkausha maji ya mwilini. Kilicho bora ni kumtafutia paka mwingine anyonyeshaye. Kama hapatikani, yako maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa watoto wa paka. Mwulize daktari wa mifugo. Mlishe akiwa amelala kifudifudi kama anyonyavyo kwa mama yake, kamwe usimlaze chali, maziwa yasije yakaingia mapafuni. Tena mtoto huyu hawezi kujisaidia mwenyewe. Mama yake humlamba hata haja itoke. Asipokuwapo mama, mpanguse taratibu kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kila baada ya chakula. Afikapo juma la 4 aanze chakula laini, wala asitengwe na mama yake kabla ya juma la 8.

Sasa juu ya choo chake. Paka wa nyumbani ametokana na paka mwitu wa nchi kavu, na hata leo apenda kuchimba na kufukia. Kwa hiyo hana haja ya kupigwa ili awe safi. Ana haja ya mchanga. Debe lililokatwa, likabaki na kimo cha vidole vinne, makali yake yakakunjwa, latosha. Tia mchanga mkavu kina cha sentimita 5 hivi, uliweke mbali na chakula chake, na kila amalizapo kula umpeleke pale. Atajifunza upesi.

Mchanga gani? Huko Marekani nako watu wengi walitumia mchanga na majivu, hata mwaka 1947, alipotokea Edward Lowe wa jimbo la Michigan. Yeye alimpa jirani yake udongo mkavu unyonyao maji, ambao ulitumiwa kufyonza mafuta yaliyomwagika karakanani. Ukapendeza, ukawa biashara kubwa. Siku hizi mijini huuzwa pia udongo ugandamanao ukilowa. Huo si mzuri kwa watoto wa paka, kwa kuwa huonja kila kitu, nao waweza kugandamana tumboni. Mchanga mkavu uliochekechwa wawafaa, au maranda ya seremala yasiyo na dawa ya mbao. Majivu yana hatari zake: huweza kuficha kaa la moto, na yakilowa huchoma ngozi ya nyayo, naye paka hulamba nyayo zake.

Akina mama, sikilizeni neno hili. Katika mavi ya paka huweza kuwamo kijidudu kiitwacho toksoplasma, ambacho chaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kijidudu hicho huhitaji siku moja au zaidi kabla hakijaweza kuambukiza. Kwa hiyo mavi yaondolewe kila siku, yazikwe mbali na bustani ya mboga. Mama mwenye mimba asiifanye kazi hiyo. Aifanye mumewe, wala asione haya. Kila mtu anawe mikono kwa sabuni, na nyama iive vema, kwa maana humo nako kijidudu hicho hupatikana.

Mwisho, usimwogeshe paka kwa dawa ya kupe ya ng'ombe, nyingine humwua. Mpe dawa ya minyoo kama aelekezavyo bwana mifugo, na atimizapo miezi 3 achanjwe kichaa cha mbwa.

Ndugu zangu, Mungu alipotukabidhi viumbe vyake hakutuagiza kuwahurumia tu, bali kuwatunza, na atunzaye hana budi kujua. Mwaka uliofuata paka yule aliyesalia alizaa katika kikapu cha binti yangu. Safari hii mtoto hakuniuliza neno. Alikuja kuniomba mchanga.